Masalio ya Shule za Kale za Singida katika Mnada wa Mtandaoni

Inapotajwa mali ya kale ya Taifa, fikira za wengi wetu huelekea kwenye ngoma, mikuki, vigoda na michoro ya mapangoni. Ni haki iwe hivyo, kwa kuwa vitu hivyo ndivyo vilivyodharauliwa kuliko vyote wakati wa ukoloni, na ndivyo vilivyostahili kuokolewa kwanza Serikali ilipounda wizara ya utamaduni mwaka 1962. Lakini iko mali nyingine ambayo hatujazoea kuiita ya kale, labda kwa sababu tumeikalia, tumeiandikia, na wengine wetu tumechapwa mbele yake. Tunakusudia masalio ya shule: kibao cha kuandikia, rejesta ya mahudhurio, picha ya darasa, beji ya kiranja, cheti cha darasa la nane, barua yenye anwani ya shule. Katika makala haya tutavitazama vitu hivyo kwa upande wa mkoa wa Singida, na tutavitazama mahali ambapo babu zetu wasingewaza kwamba vingefika, yaani katika mnada wa mtandaoni.

Mnada wenyewe si jambo geni kwa watu wa Singida. Mfugaji anayepeleka dume lake mnadani anajua kwamba mnunuzi atalizunguka, atalitazama meno, atalishika nundu, kisha atamwuliza mwenyewe kwa nini analiuza. Mnada wa mtandaoni una desturi zake. Ule mashuhuri kuliko yote, eBay, ulifunguliwa Marekani mwaka 1995. Mwingine unaopendwa na wakusanyaji wa kadi za posta na stempu, Delcampe, ulifunguliwa Ubelgiji mwaka 2000. Humo mnunuzi haoni ila picha na mistari michache ya maelezo. Huandika kwa siri kiasi cha mwisho anachokubali kutoa, na mashine humpandishia dau kidogo kidogo kila anapotokea mshindani, hadi kiasi hicho kifikiwe. Hakuna dalali wa kubembelezwa. Saa, dakika na sekunde ya kufunga hujulikana tangu mwanzo, na wazoefu hujificha mpaka sekunde za mwisho ndipo watupe dau lao. Mnada unaofungwa saa mbili za usiku mjini New York, wakati wa majira ya baridi ya huko, hufungwa saa kumi za alfajiri hapa Singida. Mtu wetu anayetaka kushindana hana budi kukesha, awe na kadi ya benki inayokubalika ng'ambo, tena akubali kwamba nauli ya posta huenda ikaizidi bei ya kitu chenyewe.

Kikwazo kikubwa zaidi, hata hivyo, ni jina. Anayetafuta kwa kuandika "Singida" peke yake hupata machache. Muuzaji aliye Ulaya au Marekani mara nyingi amerithi sanduku la shangazi yake na hajui Singida ni wapi. Hukiandika kitu alichonacho kwa jina la nchi lililochapwa juu yake, na jina hilo limebadilika mara nyingi: Deutsch-Ostafrika kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Tanganyika Territory wakati wa Waingereza, Tanganyika huru tangu 1961, na Tanzania tangu Oktoba 1964. Wajerumani nao walikuwa na maandishi yao. Songea waliiandika kwa s mbili mwanzoni, na yafaa kuijaribu Singida kwa s mbili na d mbili pia. Majina ya Mkalama, Kilimatinde, Kiomboi, Ruruma, Kinampanda na Isanzu huzaa matunda kuliko jina la mkoa, kwa sababu mkoa wenyewe ulianza mwaka 1963 tu, na picha nyingi ni za kabla ya hapo. Na vitu vingine vimelala huko chini ya maneno "shule ya Afrika", basi, bila nchi wala mwaka.

Ni vitu gani vinavyouzwa? Vilivyo vingi ni bahasha. Jambo hili litamshangaza msomaji, maana bahasha ndiyo ambayo sisi huitupa tukabaki na barua. Sababu yake ni stempu. Tanganyika ilipotoa stempu zenye kichwa cha twiga kati ya 1922 na 1925, wakusanyaji wa stempu walizipenda, na tangu hapo kila bahasha yenye stempu ya kuvutia au muhuri wa posta ndogo ya bara imekuwa na mnunuzi. Kwa hiyo bahasha iliyotoka kwa mwalimu wa shule ya misheni kwenda kwa ndugu zake ilihifadhiwa miaka themanini kwa ajili ya duara dogo la muhuri, na barua iliyokuwa ndani, iliyoeleza pengine mvua, njaa na idadi ya watoto waliokuja darasani wiki ile, ikatumika kuwashia moto. Hatuwalaumu wakusanyaji wa stempu. Bila wao hata bahasha isingekuwapo, na bahasha peke yake ina habari zake: jina la shule kama lilivyoandikwa wakati ule, tarehe, na njia ya posta. Lakini msomaji aone jinsi bei ya mnadani isivyo kipimo cha thamani ya kitu kwa historia yetu.

Baada ya bahasha ni picha na kadi za posta. Wakati wa Wajerumani, walipokuwa na ngome zao Kilimatinde na Mkalama, wapiga picha kama Walther Dobbertin, aliyekuwa na studio yake Dar es Salaam, walipiga na kuuza picha za maisha ya koloni, na kadi za namna hiyo zimetapakaa minadani hadi leo. Mnunuzi awe na kioo cha kukuzia, au amwombe muuzaji ampelekee picha iliyokuzwa, kwa sababu kadi iliyochapwa kiwandani huonyesha nukta nukta ndogo, ilhali picha iliyosafishwa kwa dawa kutoka kwenye filamu haina nukta hizo. Zile za kiwandani zilichapwa kwa wingi na nakala zake ni nyingi. Za filamu huenda zikawa moja tu ulimwenguni. Picha za misheni ni za namna hii ya pili. Wamisionari wa Leipzig walianza kazi Iramba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na katika miaka ya 1920 kazi hiyo ikachukuliwa na Walutheri wa Sinodi ya Augustana ya Marekani, waliojenga shule na hospitali na, kama ilivyo desturi ya wamisionari wote, wakapiga picha za kuwaonyesha wafadhili wao kwamba fedha haikupotea bure.

Tuchukue picha ya aina inayoonekana mara kwa mara. Watoto wamepangwa mistari mitatu mbele ya jengo la tofali za udongo. Walio mbele wameketi chini, miguu imekunjwa, na mmoja ameshika kibao kilichoandikwa darasa na mwaka. Pembeni amesimama mwalimu Mwafrika aliyevaa kaptura iliyopigwa pasi. Katikati yuko Mzungu. Nyuma ya picha, kwa wino uliofifia, limeandikwa jina la Mzungu huyo, pengine na jina la mke wake na la mbwa wao. Watoto arobaini na mwalimu wao hawana majina. Muuzaji hana la kuongeza, kwa hiyo huandika alichokiona, na picha huingia mnadani, hununuliwa, na huondoka na upofu wake ule ule kwenda katika sanduku jingine. Hapo ndipo penye hasara, na hasara hiyo haiwezi kuondolewa na dau lolote hata liwe kubwa namna gani.

Kiomboi inatupa mfano ulio wazi kuliko yote, na tunaomba kukaa hapo kidogo. Mahali hapo palikuwa na elimu ya namna mbili. Iliyokuwapo moja ni ya wenyeji: shule za vijijini ambamo watoto wa Wanyiramba walijifunza kusoma, hesabu na katekisimu, na wachache waliofaulu kuendelea wakaja kuwa walimu kwa njia ya chuo cha Kinampanda, kilichoanzishwa na misheni na baadaye kikawa cha Serikali. Nyingine ni shule ya bweni ya watoto wa wamisionari wenyewe, waliosoma kwa Kiingereza na kwa mtaala wa Kimarekani katikati ya Iramba. Leo mtu akitaka kujua maisha ya shule ile ya pili hapati taabu. Waliosoma humo walikuwa na karatasi, walikuwa na kamera, waliwaandikia jamaa zao barua, na jamaa zao walikuwa na nyumba zenye dari na kabati ambamo barua hukaa miaka hamsini bila kuguswa na mchwa. Wamekuwa wazee sasa, na vitu vyao vinaanza kuingia minadani kwa njia ya watoto na wajukuu, au kutolewa kwa hifadhi za kanisa na vyuo vya Marekani.

Shule ile ya kwanza je? Mtoto wa Kinyiramba aliandika kwenye kibao. Somo lilipokwisha alikifuta kwa kiganja au kwa kitambaa chenye maji, akaandika hesabu, akafuta tena. Kibao kilikuwa chombo kizuri cha maskini, kwa kuwa hakiishi kurasa. Lakini hakina kumbukumbu. Mwanafunzi aliyesoma miaka minne, na wengi waliishia darasa la nne, aliandika maelfu ya maneno ambayo hata moja halikubaki. Kwa hiyo tusishangae mnada unapokuwa na vitu kumi vya wageni wachache kwa kila kitu kimoja cha wenyeji wengi. Mnada huuza kilichobaki, na kubaki kwa kitu hutegemea karatasi, sanduku na paa.

Kwa upande wa paa, tembe ilikuwa na hila yake. Moshi wa mekoni uliopenya chini ya lile paa la udongo uliwafukuza wadudu, na cheti kilichofungwa ndani ya kitambaa na kutiwa katika sanduku la bati kiliweza kudumu, ingawa kwa rangi ya chai. Kisha kati ya 1973 na 1976 wananchi walihamia katika vijiji vya maendeleo. Faida za vijiji kwa elimu zilikuwa kubwa, maana shule iliweza kujengwa mahali palipo na watoto. Lakini mwanahistoria hawezi kupita pale bila kuona kwamba katika kuhama kwa haraka mtu hubeba jembe, sufuria na mbegu kwanza, na karatasi za marehemu baba mwisho, kama akizibeba.

Desturi ya vitu vya Singida kukusanywa na wageni na kupelekwa mbali haikuanza na mtandao. Mjerumani Erich Obst alisafiri Isanzu na kwa Wahadzabe mwaka 1911, akaandika aliyoyaona. Katika miaka ya 1930 Ludwig Kohl-Larsen alizunguka pande za Ziwa Eyasi na Isanzu akichimba mabaki ya binadamu wa kale na kukusanya hadithi, ambazo nyingi zilichapwa kwa Kijerumani na hazisomwi na wajukuu wa waliozisimulia. Wako wanaosema kwamba mnada wa leo ni mlango ule ule wa zamani. Sisi twaona tofauti, tena tofauti ya kufaa. Barua ya mwalimu wa kigeni kwa mama yake ilikuwa mali ya mama yake. Haikuibwa Singida, na wajukuu wana haki ya kuiuza. Zaidi ya hayo, mnada una mlango wa kuingilia pamoja na wa kutokea. Kohl-Larsen hakuweka mnada ambamo Mwisanzu angeweza kununua tena hadithi ya bibi yake.

Lakini kuna vitu ambavyo havipaswi kuonekana mnadani hata kidogo, na ni vizuri viongozi wa shule wavijue. Rejesta za kuandikisha wanafunzi, rejesta za mahudhurio, na kitabu ambamo mwalimu mkuu aliandika mambo ya kila siku, wageni waliofika, magonjwa, mvua iliyoezua paa, si takataka za stoo. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule zilizopata ruzuku chini ya Serikali, na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Namba 3 ya mwaka 2002, inalinda nyaraka za umma zisiharibiwe wala kuuzwa ovyo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nalo daftari likipotea, habari ya waliopotea hupatikana wapi? Kwa mtoto wa kijijini aliyezaliwa kabla ya uhuru, ambaye hana cheti cha kuzaliwa, mstari mmoja katika rejesta ya shule huenda ukawa ndiyo karatasi ya kwanza, tena ya pekee, iliyopata kuandika jina lake, la baba yake na la kijiji chake.

Vyeti navyo vina hatari ya namna yake. Mwaka 2017 Serikali ilitangaza kwamba uhakiki umewagundua watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Cheti halisi cha zamani, chenye mhuri na sahihi, kikiuzwa hadharani pamoja na picha yake iliyo wazi, ni kielelezo cha bure kwa mghushi. Mwenye cheti cha marehemu baba yake asikipige picha akakitandaza mtandaoni kwa fahari. Akihifadhi nyumbani, au akiwapa wahifadhi wa nyaraka waliosomea kazi hiyo, atakuwa amefanya vyema zaidi.

Kuna masalio mengine ambayo bado hayajapata bei, na kwa hiyo wakati wa kuyakusanya ni huu. Ni yale ya miaka ya 1970. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma kijitabu. Mwaka 1974 Chama kiliazimia kule Musoma kwamba kila mtoto apate elimu ya msingi kufikia 1977, na madarasa yakajaa hata chini ya miti. Mtihani wa Taifa wa kisomo wa mwaka 1975 ulionyesha kwamba watu wazima wasiojua kusoma walikuwa asilimia 39. Kufika 1986 walikuwa chini ya asilimia 10. Hayo yalifanywa kwa vitu: vitabu vya kujifunzia kusoma vya karatasi duni, redio ya mbao, taa ya chemli, ubao uliopakwa rangi ya masizi, kipande cha reli au ringi ya gurudumu iliyogongwa kama kengele. Vitabu vya Kiswahili vya shule za msingi vya wakati huo vilichakaa kwa kushikwa na watoto wanne au watano kwa pamoja, hata leo mtu aliyevisoma huvitamani kuliko kitabu chochote cha dukani, na picha za kurasa zake hupelekwa kutoka simu hadi simu. Mama aliyejifunza kuandika jina lake akiwa na miaka arobaini, katika darasa la jioni chini ya mwembe, pengine analo daftari lile bado. Hakuna mnunuzi wa ng'ambo anayelitafuta. Akifa litafungiwa karanga.

Tumeulizwa mara kadhaa kama vijana wetu waanze kununua. Jibu letu ni kwamba wanunue kwa nadra, na watazame kwanza vilivyo vya bure. Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho ya Ujerumani ilitoa picha zaidi ya 80,000 kwa matumizi huria mwaka 2008, zikiwamo za Dobbertin. Chuo Kikuu cha Southern California kimekusanya katika hifadhi moja ya mtandaoni picha za misheni mbalimbali, zikiwamo za Leipzig, na mtu yeyote huzitazama bila kulipa. Hata picha iliyo mnadani yaweza kuhifadhiwa kwenye simu kwa ajili ya utafiti kabla saa ya kufunga haijafika, na muuzaji mwungwana akiandikiwa barua ya heshima hukubali kupiga picha ya upande wa nyuma, penye maandishi. Fedha yetu itumike pale tu ambapo kitu ni cha pekee na kinaelekea kupotea.

Kazi iliyo yetu peke yetu ni ile ambayo mshindi wa mnada hawezi kuifanya hata akitoa dola elfu. Picha ile ya watoto arobaini ichapwe kwa ukubwa wa karatasi ya daftari, ipelekwe Kinampanda, Ruruma au kijiji chochote kinachodhaniwa, iwekwe mikononi mwa mzee aliyeanza darasa la kwanza karibu na mwaka 1950. Mzee huyo amepita miaka themanini. Apewe miwani, apewe nafasi, asiharakishwe. Ataanza na mwalimu, maana fimbo haisahauliki. Kisha atamtambua ndugu yake kwa masikio, na jirani kwa kovu la paji la uso. Atasema huyu alikufa kwa surua, huyu alikwenda kukata mkonge Tanga hakurudi, huyu ndiye aliyekuja kuwa mwenyekiti wa kijiji. Kila jina liandikwe nyuma ya picha kwa penseli laini, kutoka kushoto kwenda kulia, mstari wa nyuma kwanza. Isiandikwe kwa kalamu ya wino, kwa sababu wino hupenya karatasi na baada ya miaka michache huonekana kwenye nyuso.